Muulize Mkunga: Sista, mkojo wangu una protini

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja: kile kipimo cha mkojo cha kliniki ya wajawazito, na alama za jumlisha zinazoandikwa kwenye kadi. Nimechagua barua tano na kuzifupisha. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu aliyeiandika bado ana mimba, na anahitaji jibu mapema.

*Shikamoo Sista. Nina miaka 22, mimba ya kwanza, wiki ya 31. Jumatatu nilikwenda kliniki kwenye zahanati ya hapa kwetu. Nesi alipima mkojo akaandika protini ++ kwenye kadi, presha 138/88, akaniambia nirudi tarehe yangu ya mwezi ujao. Alhamisi nikaenda maabara ya mtu binafsi, wakasema hakuna protini kabisa. Miguu imevimba hadi viatu havinienei. Mama mkwe anasema uvimbe huo ni dalili ya mtoto wa kiume. Nimwamini nani? – T., Makambako*

Marahaba, mwanangu. Kwanza, usisubiri tarehe ya kadi. Kesho asubuhi nenda kituo cha afya au hospitali, upimwe tena presha na mkojo. Na kama unaposoma hapa kichwa kinakuuma sana na dawa ya maumivu haisaidii, au unaona ukungu au vimulimuli machoni, au una maumivu chini ya mbavu upande wa kulia au kwenye chembe ya moyo, au unatapika, au pumzi inakubana, au mtoto amepunguza kucheza, usingoje kesho. Nenda sasa hivi, hata kama ni usiku na usafiri wenyewe ni bodaboda.

Sasa tuje kwenye mkojo. Kila figo ina machujio madogo sana yapatayo milioni moja. Damu inapita humo, uchafu na maji ya ziada vinatoka, na protini, hasa ile iitwayo albumini, inabaki kwenye damu kwa sababu ukuta wa chujio hauiruhusu kupita. Mjamzito hupitisha protini zaidi kuliko unavyodhani: hata miligramu 300 kwa saa 24 bado tunaihesabu kuwa kawaida. Ikizidi hapo, tunauliza ukuta wa chujio umepatwa na nini. Na kama mimba imevuka wiki 20 na presha imefika 140/90 au zaidi, jambo la kwanza tunaloliwaza ni dalili za awali za kifafa cha mimba, yaani ugonjwa wa presha ya mimba unaoweza kufikia degedege.

Kijiti alichotumia nesi kina kibandiko cha njano chenye rangi inayobadilika ikikutana na albumini. Unakichovya, unakipangusa ukingoni mwa chupa, unasubiri sekunde 60, kisha unakilinganisha na picha zilizo ubavuni mwa kopo, mahali penye mwanga mzuri. Njano ikibaki njano, hakuna kitu. Ikianza kuwa kijani, ni jumlisha moja, yaani takriban miligramu 30 kwa desilita. Jumlisha mbili ni kama 100, tatu ni kama 300. Nimeona vijiti vikisomwa baada ya dakika tano kwa sababu foleni ni ndefu, vikiwa vimeshakuwa kijani kuliko inavyostahili. Nimeona pia kopo likiachwa wazi mezani msimu wa mvua, vijiti vikanyonya unyevu na visiaminike tena.

Kwa hiyo inawezekana kabisa Jumatatu ikasema ++ na Alhamisi ikasema hakuna, na wote wawili waliokupima wakawa wamefanya kazi kwa nia njema. Ute wa ukeni ukiingia kwenye chupa, kijiti kinasoma protini. Damu nayo hivyo hivyo, na UTI pia. Mkojo wa alfajiri, uliolala usiku kucha kwenye kibofu, ni mzito. Ule wa saa sita mchana baada ya chupa mbili za maji ni mwepesi, na protini iliyomo inaweza isionekane. Fikiria vijiko viwili vya sukari: kwenye kikombe kimoja cha chai utasikia utamu, kwenye birika zima hutasikia, ingawa sukari ni ile ile.

Ndiyo maana hospitali hupima protini pamoja na kreatinini katika mkojo huo huo. Kreatinini ni taka ya misuli ambayo figo huitoa kwa kiwango kinachokaribia kuwa sawa siku nzima, hivyo inatuambia mkojo ni mzito au mwepesi kiasi gani. Protini ikigawanywa kwa kreatinini, jibu halidanganywi sana na maji uliyokunywa. Uwiano wa miligramu 30 kwa kila milimoli ya kreatinini au zaidi (maabara nyingine huandika 0.3, miligramu kwa miligramu) unahesabiwa kuwa protini ya kweli. Zamani tulimpa mama dumu akusanye mkojo wa saa 24. Wengi walisahau wa usiku, na jibu likaja pungufu.

Utakapopima kesho, jisafishe kwa maji kutoka mbele kwenda nyuma, toa mkojo wa kwanza uache uende, ukinge wa katikati kwenye chupa safi, kisha umpe mpimaji pale pale. Mwombe akuandikie jibu kamili. Neno "sawa" peke yake halitamsaidia mtu atakayekupokea mahali pengine.

Nimeacha presha makusudi hadi hapa, kwa sababu ndiyo inayoamua uzito wa hizo jumlisha. Presha ya 138/88 haijavuka mpaka, lakini imeukaribia sana. Fungua kadi yako uangalie presha ya hudhurio la kwanza. Kama ilikuwa 100/60, safari ya kutoka hapo hadi 138/88 inanitia wasiwasi, na mjamzito wa kwanza mwenye hali hiyo pamoja na ++ nisingemwambia aonane nami baada ya mwezi. Ningempima tena siku ile ile, akiwa ameketi, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo, amepumzika dakika tano. Kisha ningemwona tena ndani ya siku chache. Nawaomba wenzangu wa zahanati tusiandike ++ halafu tukamruhusu mama aondoke bila mpango. Ukishaiandika, umeshajua.

Kuhusu uvimbe, mheshimu mama mkwe, lakini jinsia ya mtoto haihusiki hata kidogo. Miguu kuvimba jioni ni jambo la wajawazito wengi wasio na ugonjwa wowote. Uvimbe unaonishtua ni ule wa uso na vidole unaokuja ghafla, pete inakwama, kope zinakuwa nzito asubuhi.

*Sista, habari za kazi. Mke wangu ana wiki 35. Presha 152/100, wamepima mara mbili. Mkojo hauna protini hata kidogo. Daktari anasema ni dalili za awali za kifafa cha mimba na anataka kumpeleka Mbeya. Kreatinini ya damu ni 86, na karatasi ya maabara imeandika kawaida ni 53 hadi 97. Nyumbani wanasema tunatishwa bure, mkojo ni safi na figo ni nzima. – Baba mtarajiwa, Tukuyu*

Baba, mpeleke. Huyo daktari anaona vizuri.

Miaka ya nyuma tulifundishwa kwamba bila protini ugonjwa huo haupo. Mafundisho hayo yamebadilishwa. Tangu mwaka 2013 madaktari wa uzazi wa Marekani, na baadaye wenzao wa kimataifa, wamekubali kwamba presha mpya baada ya wiki 20 ikiambatana na ini, figo, chembe sahani za damu (zile zinazosaidia damu kuganda), ubongo au mapafu kudhurika inatosha, hata kama mkojo hauna protini. Kuna akina mama wamepata degedege la kifafa cha mimba bila protini kuonekana kabla.

Hiyo namba 86 ndiyo ningependa nyumbani waielewe. Mimba ikiwa changa tu, figo huanza kuchuja damu nyingi zaidi, karibu nusu zaidi ya kawaida yake. Kwa hiyo kreatinini kwenye damu hushuka, na mjamzito mzima mara nyingi huwa na 50 hivi. Ikipanda juu ya 77 mikromoli kwa lita, tunaanza kushuku figo zimepunguza kazi. Mipaka iliyochapwa kwenye karatasi yenu ni ya mtu asiye na mimba. Kwa mwanamume wa shambani 86 ni afya njema. Kwa mke wako, mwenye presha ya 152/100, ni figo inayolalamika. Hili hupita bila kuonekana hata mbele ya watu waliosoma, kwa kuwa karatasi haitii alama ya hatari mahali popote.

Mbeya watampima ini na chembe sahani, watamwangalia mtoto, na wataamua kama mimba iendelee siku kadhaa zaidi au azalishwe. Ugonjwa huu hauishi mpaka kondo la nyuma litoke. Hali ikiwa kali, atapewa sindano ya magnesiamu. Utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2002, uliohusisha akina mama zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha dawa hiyo inapunguza hatari ya degedege kwa zaidi ya nusu. Na kama kuna mzee anayesema degedege la mjamzito ni majini au mkono wa mtu, msibishane naye sasa. Pakeni mizigo, mzee atafuata na maombi yake.

*Sista, nina jumlisha moja. Jirani amenishauri niache maharage na nyama kwa kuwa vina protini, niache chumvi kabisa, ninywe maji mengi na maji ya mizizi ya kusafisha figo. – M., Uyole*

Maharage endelea nayo, na dagaa, na maziwa ukiyapata. Protini unayokula haitokei kwenye mkojo namna hiyo. Inayoonekana pale imevuja kutoka kwenye damu yako. Chumvi kula kwa kiasi, kuiacha kabisa hakuzuii ugonjwa huu. Maji kunywa kwa kiu yako, ila usijaze tumbo kabla ya kupima, utaificha hiyo jumlisha na kujidanganya. Mizizi iache. Baadhi ya dawa hizo zinaua figo, na hakuna anayejua kipimo chake. Jumlisha moja ipimwe tena kwa mkojo uliokingwa vizuri, pamoja na presha, wiki hii.

Kama chakula chako hakina maziwa wala dagaa, muulize mkunga wako kuhusu vidonge vya kalsiamu. Shirika la Afya Duniani linavipendekeza kwa wajawazito wa maeneo ambako kalsiamu ni haba kwenye chakula, gramu 1.5 hadi 2 kwa siku, kwa ajili ya kupunguza hatari hii hii.

*Shikamoo Sista. Nasoma utabibu hapa Mbeya. Mwalimu alitutajia viashiria vipya vya mkojo: PlGF, NGAL, KIM-1, podosaiti, hata rangi ya Kongo nyekundu. Je, vitakuja kuchukua nafasi ya kijiti? – Mwanafunzi*

Marahaba. Swali lako limenifurahisha, maana linarudi kwenye chanzo cha hiyo protini.

Mwaka 1959 wachunguzi wa Marekani waliangalia figo za wajawazito wenye ugonjwa huu kwa hadubini ya elektroni, wakaona seli za utando wa ndani wa machujio zimevimba hadi kuziba njia ya damu. Kwa zaidi ya miaka 40 hakuna aliyejua vizuri kwa nini. Mwaka 2003 watafiti wa Boston walionyesha kwamba kondo la nyuma lenye shida humwaga kwenye damu protini iitwayo sFlt-1, ambayo hukamata vichocheo vinavyolisha utando huo, kikiwamo PlGF. Walipoiongeza kwa panya wenye mimba, panya wakapata presha, protini kwenye mkojo na machujio yaliyovimba vile vile.

PlGF ni ndogo, hupita kwenye chujio na kuonekana kwenye mkojo. sFlt-1 ni kubwa mno. Ndiyo maana mwaka 2005 watafiti hao waliripoti kuwa PlGF ikiwa chini kwenye mkojo kati ya wiki 21 na 32, inahusiana na ugonjwa utakaotokea baadaye, kabla mimba haijakomaa. Wazo hilo nalipenda sana, kwa sababu linamwona mama kabla hajaumwa. Lakini leo hospitali zenye kipimo hicho hukifanya zaidi kwenye damu, na kazi yake kubwa ni kusaidia kuthibitisha kwamba mama anayeshukiwa hana ugonjwa huo.

Podosaiti ni seli zinazokumbatia chujio kwa nje. Ugonjwa ukiwapo hubanduka na kutoka na mkojo. Ushahidi ni mzuri, ila kuzitafuta kunahitaji maabara na mikono yenye ujuzi ambayo kituo cha afya hakina. NGAL na KIM-1 hutoka kwenye mirija ya figo inapoumia, si kwenye chujio lenyewe. Tatizo la NGAL kwa wajawazito wetu liko wazi: chembe nyeupe za damu nazo huitengeneza, kwa hiyo UTI ya kawaida inaipandisha. Utampima mama wa Chunya mwenye UTI, jibu likuambie figo imeumia, na umshtue bure.

Kongo nyekundu ndiyo ninayoifuatilia kwa matumaini. Ni rangi ya siku nyingi ambayo hung'ang'ania protini zilizokunjika vibaya, na mkojo wa wenye ugonjwa huu unazo. Unadondoshea mkojo uliochanganywa na rangi kwenye karatasi, unasoma kwa macho. Kipimo cha namna hiyo kinaweza kufika hata zahanati isiyo na umeme, kikithibitishwa vya kutosha. Kwa sasa hakichukui nafasi ya presha wala ya kijiti, na hakuna kingine kati ya hivyo ulivyotaja kinachoichukua.

Utakapoanza kazi, chagua mkanda wa presha unaolingana na mkono wa mama. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unapandisha presha isiyokuwapo. Na ufunike kopo la vijiti kila unapotoa kimoja.

*Sista, nilijifungua kwa upasuaji wiki ya 34 kwa sababu ya presha. Mtoto mzima, sasa tuna miezi mitatu. Presha imerudi 118/74. Nilipima mkojo, bado kuna jumlisha moja, na mara ya pili ikawa moja tena. Nimeambiwa itaisha yenyewe. Nachuma chai, nikiumwa mgongo nameza diklofenaki. – Mama wa Mufindi*

Hongera kwa mtoto, mama, na pole kwa uliyopitia. Nafurahi ulipima, kwa kuwa akina mama wengi hatuwaoni tena mtoto akishamaliza chanjo za mwanzo.

Machujio yaliyovimba kwa ajili ya mimba hupona. Kwa wengi protini huisha siku chache au wiki chache baada ya kujifungua, na ikifika miezi mitatu inapaswa iwe imekwisha. Yako haijaisha, na imeonekana mara mbili. Hiyo hainiambii kwamba figo zako zimeharibika, lakini inanitaka niulize kama kulikuwa na ugonjwa wa figo kabla ya mimba, uliojificha hadi mimba ikauibua.

Nenda hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa Iringa, uombe uwiano wa protini na kreatinini kwenye mkojo, kreatinini ya damu, sukari, na mkojo uangaliwe kwa hadubini kwa ajili ya damu, UTI na kichocho. Na pima VVU tena hata kama ulipimwa kliniki. VVU navyo huharibu machujio, mikoa yetu ya Njombe, Iringa na Mbeya ina maambukizi mengi kuliko sehemu kubwa ya nchi, na dawa zikianza mapema figo nazo zinalindwa. Kama uwiano bado uko juu, waombe wakupeleke kwa daktari wa figo.

Diklofenaki iache kuanzia leo, mpaka majibu yatoke. Dawa za jamii hiyo hupunguza damu inayoingia kwenye figo. Kwa mgongo tumia parasetamoli.

Sikutishi, lakini nataka ulijue hili kutoka kwangu. Utafiti wa Norway uliochapishwa mwaka 2008 uliwafuatilia akina mama kwa miaka mingi, ukaona waliopata ugonjwa huu katika mimba ya kwanza walikuwa na hatari karibu mara tano ya kufikia figo kushindwa kabisa, kuliko wasioupata. Idadi yenyewe ilikuwa ndogo sana, wengi mno hawakupata shida yoyote ya figo. Lakini kwa sababu hiyo presha yako ipimwe kila mwaka, na mkojo pia, hata ukijiona mzima.

Ukitaka mtoto mwingine, mweleze mkunga habari hii kliniki ya kwanza kabisa, kabla ya wiki ya 12 ukiweza. Daktari anaweza kukuanzishia aspirini ya kiwango kidogo. Katika utafiti uliotangazwa mwaka 2017, miligramu 150 kila usiku tangu miezi mitatu ya mwanzo zilipunguza ugonjwa unaolazimisha kujifungua kabla ya wiki 37 kutoka asilimia 4.3 hadi 1.6. Usijinunulie mwenyewe dukani, na kadi ya mimba iliyopita usiitupe, atataka kuiona.

Majibu ya kreatinini yakitoka, niandikie namba yenyewe na kipimo kilichoandikwa mbele yake. Wakikuambia "kawaida" tu, rudi dirishani uwaombe wakuandikie namba.